Thelathini na Sita ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu ni fundi wa nguo za kike, na kabla sijaenda mbali niseme kwamba mkono wa ufundi kautoa upande wetu, kwa mama yake, ambaye ni dada yangu. Upande wa baba yake ni watu wa kulala. Mimi mwenyewe cherehani sikuishika, lakini ningeishika mngesikia habari zangu. Shule nayo niliiacha katikati kwa sababu tulikuwa hatuelewani, ila watu nimewasoma vya kutosha, na hadi leo hakuna aliyenishinda kumsoma isipokuwa huyu mpwa wangu na kiuno chake.

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Cherehani ya miguu kaiweka mlangoni, apate mwanga na umbea kwa pamoja. Nyuma yake kuna meza ya kukatia, pasi, mafungu ya vitambaa vya watu, na kioo kirefu chenye ufa kwa chini, kwa hiyo kila mteja anayejitazama anaonekana kama amevunjika miguu. Mwenyewe ni mwanamke mwenye mwili. Sisemi mnene, nitapigwa. Mtaani kwetu neno hilo halitumiki kwa mtu unayempenda. Husemwa "umenawiri", husemwa "shemeji anakutunza", na mume wake, ambaye ni dereva wa lori la mizigo na nyumbani anapita kama mgeni, alikuwa akizipokea sifa hizo barabarani kama yeye ndiye aliyepika.

Lakini mpwa wangu hakuwa na wasiwasi wa mwili, kwa sababu alikuwa na ushahidi. Futi yake. Ile ya kitambaa, ya kuvaa shingoni, aliyorithi kwa mama yake aliyemfundisha ushoni. Kila alipomaliza kujishonea nguo alijipima, akasema kwa sauti mtaa usikie: "Thelathini na sita. Kiuno nilichoolewa nacho."

Nguo alizoolewa nazo zilikuwa hazimwingii, ni kweli. Hilo nalo alikuwa na maelezo yake. Vitambaa vya siku zile vilikuwa vinasinyaa.

"Vyote?" nilimuuliza siku moja.

"Mjomba, wewe unajua nini kuhusu vitambaa?"

Vitambaa kweli sivijui.

Kilichoanza kuleta maneno ni goti la kulia. Niliona namna anavyoinuka kutoka kwenye kigoda. Alikuwa anainuka kwa mafungu: kwanza mikono mezani, halafu "eh", halafu mgongo, halafu kimya, ndipo mtu kamili anatokea. Na cherehani ile inakanyagwa. Mtu atasema si afunge mota. Alishafunga, akasema inakimbia na kitambaa chake kama mwizi, akaifungua. Mguu wake ndio unaojua wapi pa kupunguza kwenye kona ya kwapa na wapi pa kuachia kwenye mshono mrefu. Goti likigoma, kazi imekwisha, na kazi nyingine hana.

Dereva alikuwa safarini, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka zahanati. Tulitembea, maana si mbali. Katikati ya njia kuna duka la viatu lenye ngazi za saruji, na pale alikaa kupumzika. Nikamtania kwamba mwenye duka atamuuza pamoja na viatu. Hakucheka. Alikuwa amelishika goti kama anamshika mtoto asikimbilie barabarani.

Nesi aliyetupokea alikuwa msichana mwembamba kama kijiti cha uzi. Alimpima presha, akamsimamisha kwenye mizani, akatoa futi yake ya plastiki akamzungusha. Na hapa nieleze jambo. Mpwa wangu hujipima pale juu, karibu na mbavu, mahali ambapo mwili bado una adabu. Nesi alimpima kwenye kitovu. Halafu akamwambia avute pumzi na aitoe, ndipo akasoma.

"Mia moja na saba."

"Mia moja na saba nini?"

"Sentimita, mama."

"Mimi sipimwi kwa sentimita, mimi si barabara."

Nesi akaigeuza futi upande wa inchi. "Basi arobaini na mbili."

Mpwa wangu akamtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Mwanangu, futi yako mbovu. Mimi ni fundi. Hii ndiyo kazi yangu."

"Mama, futi hii ni ya zahanati."

"Ndiyo maana."

Nesi hakubishana. Alisema goti linabeba mzigo kuliko uwezo wake, kwamba mwili ukipungua hata kidogo goti litapumua, na usipopungua ataacha kukanyaga cherehani, apende asipende. Alisema habari za sukari ya chai, mafuta ya kukaangia, soda, na kutembea kila siku. Aliyasema vizuri, taratibu. Mimi niliyasikia yote. Mpwa wangu alisikia arobaini na mbili tu, na njia nzima ya kurudi ndiyo aliyoizungumza.

Kesho yake kesi ilisikilizwa chumbani kwake, na hakimu alikuwa msusi wa mlango wa pili. Huyu ni mwanamke wa kujaa mlango, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, na mwili wake anautangaza kama bidhaa. Nilikuwa nimekaa kwenye vitambaa, nasubiri suruali yangu itanuliwe kiuno. Kwangu mimi haikuwa suala la unene. Mwanaume anaongezeka heshima.

"Arobaini na mbili," msusi alisema. "Amekutukana, shoga."

"Futi yake ni mpya mno, ndiyo tatizo. Bado imekaza."

"Na ukipungua uso unaning'inia. Watu wataanza kuuliza una nini. Utawajibu nini? Dereva yuko mbali, watu wanapenda kumalizia hadithi."

"Lakini goti linauma kweli."

"Goti ni baridi. Kapashe mafuta, ulichue."

"Nesi kasema ni uzito," nikaingilia.

Wote wawili wakaniangalia tumboni. Nikarudi kwenye suruali.

Hata hivyo maneno ya nesi yalikuwa yameingia mahali, maana wiki ile nilimkuta mpwa wangu anakunywa majani ya kupunguza mwili, aliyoletewa na huyohuyo msusi aliyesema kupungua ni aibu. Nikauliza inakuwaje. Msusi akanijibu kwamba hayo hayapunguzi uso, yanapunguza tumbo peke yake. Yalichopunguza ni foleni ya wateja, kwa sababu fundi alikuwa hakai mlangoni, anashinda msalani. Akayaacha. Akaacha chakula cha mchana pia, akafidia jioni kwa sahani mbili, na chai ya katikati akaitia sukari ya kumpa nguvu ya kujinyima. Mimi hapo nikapotea. Niliona mtu mmoja anakula ili aweze kutokula.

Kisha simu ikapigwa na wifi yake, dada wa dereva, anayeishi mji mwingine. Huyu wifi ndiye aliyekuwa akija kila mwaka na kusema, "Wifi, kula, watu wasije wakasema kaka yangu anakutesa." Sasa alikuwa anahitimu chuo cha ualimu, mtu mzima na wanawe, na alitaka gauni. Hakuweza kusafiri. Akapimwa hukohuko na jirani yake, akasoma namba kwa simu, moja baada ya nyingine, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Mpwa wangu akaziandika kwa chaki ukutani.

Nieleze tena, ili mtu asipotee. Miaka yote mpwa wangu alikuwa anapima mteja mwenyewe, kwa futi yake, na anakata kitambaa kwa futi hiyohiyo. Namba ya mtu mwingine alikuwa hajawahi kuifanyia kazi. Wateja wake wote walikuwa hapa mtaani, na walimpenda kwa sababu namba zake zilikuwa na moyo mzuri. "Kwa yule fundi wa pale chini nilikuwa arobaini na nne," utamsikia mtu anasema, "hapa arobaini na moja." Walisema yule wa chini anapima hovyo. Na gauni la mpwa wangu likivaliwa linakaa kama limemwagwa. Nani atabisha?

Gauni la wifi lilishonwa kwa mapenzi. Nililiona mwenyewe likitoka kwenye pasi, rangi ya zambarau, na shingo ya kuviringa. Likatumwa kwa basi.

Siku ya tatu simu ikaita na mpwa wangu akaiweka kwenye spika, kwa kuwa alitegemea sifa na mimi nilikuwepo.

"Wifi," sauti ikasema, imetulia, na utulivu wa wifi si wa kuchezea. "Nimekukosea nini?"

"Kwa nini, wifi?"

"Umenishonea hema. Mabega yameanguka, kifuani anaingia mtu wa pili, chini nafagia. Kama unaniona mimi mnene ungeniambia kwa mdomo."

"Nimekata kwa namba zako."

"Namba zangu ni za mtu. Hili ni la ng'ombe. Au umenipima kwa kujitazama wewe?"

Pale mpwa wangu aliipunguza spika. Halafu akasema, kwa sauti ya chini, "Lirudishe nilione."

Likarudi. Aliligeuza ndani nje, akalipima kwa futi yake kila mahali, akalinganisha na ukuta. Lilikuwa sawasawa, hakuna kosa hata la upana wa uzi. Akafurahi. Akasema jirani wa wifi ndiye aliyepima vibaya, na atathibitisha. Akaenda duka la vitambaa, akanunua futi mpya ya plastiki, ampelekee wifi apimwe upya na amalize maneno.

Niseme ukweli, kama asingekuwa mtu wa kupenda kushinda, angeifunga ile futi mpya kwenye bahasha bila kuitazama. Lakini alitaka kuiona ni nzuri kiasi gani. Akaitandaza mezani. Akaivua ya shingoni, akaitandaza kando yake, ncha kwa ncha.

Ya zamani ikaizidi ile mpya kwa kiganja kizima.

Akazigeuza. Akazinyoosha kwa kiganja. Akaifuta meza, kama meza ndiyo iliyoteleza. Namba zilikuwa zilezile, kuanzia moja hadi sitini, ila kwenye ya zamani kila inchi ilikuwa imejinyoosha kidogo, imelala vizuri. Miaka ya kuvutwa juu ya nyonga za watu. Miaka ya kupigwa pasi ili ikae wima. Kuna siku niliona kafungia nayo robota la kitambaa, akalining'iniza. Ilikuwa imekwenda ikiongezeka polepole, na yeye ndani yake vilevile.

"Mjomba."

"Naam, mama."

"Sasa mimi ni kiasi gani?"

Hilo si swali la kumuuliza mjomba. Nikaenda kumwita msusi.

Msusi akaja na kitana nyweleni, amemwacha mtu amesukwa upande mmoja. Akaonyeshwa meza. Akazitazama futi mbili muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu bila kuongea. Nikatoka nje, wakavuta pazia. Nilisikia mpwa wangu anasema, "Kwenye kitovu, siyo huko juu," halafu, "Usiniambie." Halafu, "Haya niambie." Namba sikuisikia. Nilichosikia ni msusi, bila kile kicheko chake: "Nipime na mimi."

Walipovuta pazia walikuwa wamekaa, mmoja kwenye kigoda na mwingine juu ya vitambaa, kama watu waliokosa basi.

"Kwa hiyo vitambaa havikusinyaa," mpwa wangu alisema.

"Vingine labda," nikasema, kumpoza.

"Lakini sijala zaidi ya watu. Nakula kama wao."

"Wao ndio hao unaowapima," msusi akasema, akaondoka kwenda kumalizia kichwa cha mtu.

Ndipo mkanganyiko wenyewe ulipoanza, maana alikuwa hajui amwamini nani. Kiasi gani ni mwili na kiasi gani ni futi? Aliniuliza na mimi nikaanza kupiga hesabu, nikafika mahali hesabu ikanigeukia. Futi imedanganya kidogo, pumzi ya kuvuta imedanganya kidogo, kupima mbavuni kumedanganya kidogo. Tukivijumlisha vyote bado kulikuwa na mwanamke mzima amebaki. Na wateja je? Akiwaambia, watakimbilia kwa yule wa chini, maana angalau yeye hakuwadanganya. Akinyamaza, kila siku anamwambia mtu kitu ambacho sasa anajua si kweli.

Dereva aliporudi akamsimulia yote. Dereva akasema, "Mimi sikuoa namba." Alidhani amesema jambo zuri. Mpwa wangu alikaa nalo siku nzima, mwisho akaniuliza, "Mjomba, amesema nimenenepa au hajasema?" Nilimwambia wanaume tuna maneno mazito. Sikujua pia.

Alichofanya ni kwenda kwa nesi. Alikwenda na futi zote mbili, akaziweka mbele yake, akasema, "Yako nzima." Hakusema zaidi ya hapo, na kwa mtu wa ukoo wetu hiyo ni sawa na kupiga magoti. Nesi akarudia maneno yaleyale, na safari hii yakasikika. Sukari ya chai iende ikipungua. Mafuta yasimwagwe kwa kukisia. Chakula cha mchana asiruke. Atembee.

Akaanza kutembea asubuhi kabla ya kufungua, hadi zahanati na kurudi. Mtaa ukaanza kazi yake. "Shoga, mbona unakimbizwa?" "Unaumwa?" Mwuza maziwa akamwuliza kama dereva amehama. Mama mmoja alimshika mkono akamwambia ajipe moyo, na hakusema kwa sababu gani. Aliyekuwa anasifiwa akikaa sasa anapewa pole akitembea. Akirudi ananiuliza, "Mjomba, ninafanya vizuri au ninajiharibu?" Nami namjibu kwa uhakika mkubwa, siku nyingine hivi, siku nyingine vile.

Gauni la wifi alilipunguza akalirudisha, na simu ya maelezo aliipiga mwenyewe, mlango umefungwa. Ilikuwa ndefu. Mwisho nilisikia wifi anacheka, halafu anauliza futi mpya inauzwa wapi.

Wateja hakuwaambia. Msusi ndiye aliyewaambia, kwa siri, yaani mtaa mzima. Nilitegemea chumba kitakauka. Badala yake wakaanza kuja mmoja mmoja mchana wa jua kali, saa ambayo hakuna anayetembea. "Sina nguo ya kushona," mtu anasema, "ila nipime kwa ile nyingine." Wengine walitoka wamenuna. Mmoja alidai apimwe tena kwa ya zamani, alipe kwa hiyo. Yuleyule jioni nilimwona ananunua soda, anaitazama, anairudisha, anaichukua tena.

Futi ya zamani haikutupwa. Ipo msumarini, inaning'inia, na kwa kuning'inia huko nadhani bado inaongezeka.

Sasa juzi nimeingia nikamkuta amesimama mbele ya kioo chenye ufa, futi ya plastiki kiunoni, kwenye kitovu, pumzi imetoka. Uso wake haukuwa wa furaha. Ulikuwa wa mtu aliyekuta mlango wake wazi.

"Shikamoo mjomba. Imepungua."

"Marahaba. Si ndiyo ulichotaka?"

"Imepungua inchi nzima." Akaivua, akaivuta kati ya mikono miwili, akaitega kwenye mwanga. "Na hii nayo imeanza kuvutika?"

Nikaishika. Nikaivuta. Nikasema plastiki haivutiki. Akasema hata ile ya kwanza aliambiwa kitambaa chake hakivutiki. Sketi ilikuwa inamzunguka kiunoni, nilimwonyesha. Akasema labda mpira umelegea.

"Twende kwa nesi," akasema. "Tuilinganishe na yake."

"Sasa hivi?"

"Nikikaa nayo hivi sitashona."

Akachukua futi, akafunga mlango, akashika njia. Nami nyuma, na suruali yangu ambayo ilikuwa imetanuliwa na bado inabana. Alikuwa anaongea bila kugeuka: kama ya nesi nayo imevutika je, na hiyo wanailinganisha na nini, na hicho cha kulinganishia nani anakipima. Maswali ya kumtoa mtu jasho. Mimi jasho lilikuwa limeshatoka. Moyo ulikuwa unapiga hadi masikioni, nikaona mbele yangu zile ngazi za saruji za duka la viatu, na sijawahi kuona kitu kizuri kama zile ngazi.

"Mama, ngoja kidogo," nikasema, nikakaa.

Akarudi hatua chache, akasimama mbele yangu kwa miguu yote miwili, futi mkononi, bado anaisoma kwenye jua. Hakukaa wala hakulishika goti.

"Mjomba, inuka," akasema. "Watafunga."